SOMO: Kuzima meseji zinazoibuka zenyewe kwenye kompyuta ya nyumbani (soma yote ndio uulize)

Wakuu habari zenu. Wiki hii peke yake nimeulizwa inbox mara nne swali lile lile, "kompyuta yangu chini kulia inaniambia ina virusi vitano na antivairasi imeisha muda, nifanyeje". Nimeamua niandike hapa mara moja, ukikwama uliza chini na wengine wafaidike.

Kitu cha kwanza kuelewa, na ukikielewa hiki kazi imepungua nusu: nyingi ya hizo meseji sio virusi, ni ruhusa uliyoitoa mwenyewe. Uliingia saiti ya kuangalia mpira au kushusha muvi, ikakwambia bonyeza "Allow" kuthibitisha wewe sio roboti, ukabonyeza. Pale hukuthibitisha chochote, uliiruhusu ile saiti ikutumie notifikesheni, na tangu siku hiyo inatuma hata ukiwa umeifunga, hata ukiwa kwenye Word unaandika barua yako. Ndio maana unaskani na antivairasi inakwambia safi. Hakuna faili baya pale, kuna ruhusa tu.

Kwa hiyo ikija tena usiibonyeze, isome kwanza. Utaona imeandikwa programu iliyoileta, mfano Google Chrome au Microsoft Edge, na karibu na maandishi utaona anwani ya saiti kwa herufi ndogo, mara nyingi jina la ajabu ajabu lisilo na maana. Iandike hiyo anwani kwenye karatasi, utaihitaji hatua ya 2.

HATUA YA 1. Kama ni ukurasa umejaza kioo kizima, unapiga king'ora na una namba ya simu, shikilia Esc sekunde kadhaa, ukigoma F11, ukigoma Alt+F4, ukigoma tena Ctrl+Shift+Esc halafu chagua brauza (programu unayoingilia intaneti, kama hiyo Chrome au Edge) ubonyeze "End task". Ukifungua brauza ikakuuliza irudishe kurasa za mwanzo, kataa. Ile namba USIPIGE. Microsoft wameshasema wazi kwamba ujumbe wao wa hitilafu hauwekwi namba ya simu, ukiona namba jua ni matapeli.

HATUA YA 2. Kuondoa ruhusa. Kwenye Chrome pale juu unapoandika anwani andika chrome://settings/content/notifications upige Enter. Edge ni hivyo hivyo, badala ya chrome andika edge. Firefox ingia setingi, sehemu ya faragha na usalama, shuka mpaka "Permissions" halafu "Notifications". Utaona orodha ya saiti ulizoziruhusu, itafute ile ya kwenye karatasi na usishangae ukikuta zenzake kumi. Kwenye Chrome na Edge bonyeza vidoti vitatu pembeni yake uchague "Block", kwenye Firefox badilisha "Allow" iwe "Block". Wengi wanachagua "Remove", na Remove inaifuta tu kwenye orodha, ukiingia tena itakuomba tena na siku una haraka utakubali tena. Block inaifungia mlango moja kwa moja. Halafu kwenye ukurasa huo huo chagua saiti zisiruhusiwe kabisa kuomba.

HATUA YA 3. Ekstensheni, yaani viprogramu vidogo vinavyoongezwa ndani ya brauza. Hapa tulieni kabisa maana hapa ndipo mimi nilipoharibu.

Laptopu ya dada yangu ilikuwa inafungua matangazo yenyewe, kila akibonyeza linki inaibuka windo nyingine. Mimi nikasema hii imeshaingia ndani sana, nikaifomati yote, nikapiga Windows upya, siku mbili nzima. Nilikopi mafaili yake niliyoyaona, lakini kulikuwa na folda ya picha za mtoto wake akiwa mchanga ameiweka nje ya sehemu za kawaida, sikuijua, ikaenda. Nikamrudishia, akaingiza akaunti yake kwenye Chrome, dakika kumi hazijaisha tangazo likaibuka. Tatizo lilikuwa ekstensheni moja ya kugeuza PDF kuwa Word, na ekstensheni zinatunzwa kwenye akaunti, ukiingia akaunti yako kwenye kompyuta yoyote zinashuka zenyewe pamoja na alama zako za kurasa. Nilifuta kompyuta nzima nikaacha kile kitu kimoja kilichokuwa kinasumbua. Picha zile hazikupatikana mpaka leo na bado inaniuma.

Basi fanya hivi. Ukiwa UMEINGIA kwenye akaunti yako andika chrome://extensions, angalia moja moja, ambayo hukumbuki kuiweka au inaweza "kusoma na kubadilisha data zako kwenye saiti zote" bila sababu ya maana, ondoa. Kuiondoa ukiwa ndani ya akaunti ndio kunaifanya ifutike na kwenye kompyuta zingine zenye akaunti hiyo. Kama brauza ina profaili mbili, yako na ya mwenzako, pita kote kote. Na ukikuta ekstensheni haina kitufe cha kuondoa na imeandikwa imewekwa na msimamizi, wakati kompyuta ni yako na haiko chini ya ofisi yoyote, andika chrome://policy upige picha ya kinachotokea uilete hapa. Msianze kufuta vitu kwenye rejista (pale Windows inapotunza setingi zake za ndani) kwa kubahatisha. Na msipakue "programu ya kusafisha" iliyotangazwa na hiyo hiyo meseji.

HATUA YA 4. Bonyeza Windows+R, andika appwiz.cpl, itakuja orodha ya programu, panga kwa tarehe ya kuwekwa, zilizoingia siku tatizo lilipoanza na huzijui ziondoe.

HATUA YA 5. Ctrl+Shift+Esc, nenda "Startup", ndipo zilipo programu zinazojiwasha zenyewe kompyuta ikiwaka, zima usizozihitaji.

HATUA YA 6. Mwisho fungua Windows Security uskani kompyuta nzima. Kama bado una wasiwasi kuna skani ya "offline", kompyuta inajizima na kuwaka, inachukua kama dakika 15, sevu kazi zako kwanza.

Maswali karibuni.

---

kibodi_mbovu: Mkuu mimi chini kulia inaleta meseji nina virusi nifanyeje

Mwandishi: Hatua ya 2.

kibodi_mbovu: Sijaelewa nielekeze inbox

Mwandishi: Inbox ndiko nilikotoka mpaka nikaandika hili somo. Soma hatua ya 2, fanya, ukikwama sema umekwama kwenye sentensi ipi, nitakuwa hapa.

radi_kavu: Maelezo marefu yote haya ya nini, si unapiga Windows mpya tu yanaisha

Mwandishi: Ndugu umesoma hatua ya 3? Nimepiga Windows mpya, matangazo yakarudi na picha za mtoto zikapotea. Ukimshauri mtu afomati kwa tatizo la ruhusa ya brauza unamwingiza kwenye hasara. Kufomati ni hatua ya mwisho kabisa tena baada ya kukopi kila kitu.

mti_mkavu: Asante kwa somo. Naomba kuuliza, inawezekanaje saiti initumie meseji na nimeifunga? Nilidhani ukifunga ukurasa mawasiliano yamekatika.

Mwandishi: Swali zuri sana mkuu. Unaporuhusu, saiti inaacha kipande kidogo cha programu ndani ya brauza yako, kimelala. Wakitaka kukutumia kitu hawaji kwako moja kwa moja, wanapeleka kwenye seva ya wenye brauza, mfano Google kwa Chrome, Mozilla kwa Firefox, halafu seva inaigongea brauza yako, brauza inakiamsha kile kipande kinaonyesha meseji. Ndio maana ukurasa hauhitaji kuwa wazi, inatosha brauza iwe hai. Na Chrome kwenye Windows ina setingi ya kuendelea kufanya kazi chini kwa chini hata ukiifunga, iko kwenye setingi sehemu ya "System". Izime uone utofauti.

mti_mkavu: Nimeizima. Kumbe hata laptopu ilikuwa haipumziki, nashukuru sana.

mzee_wa_disketi: Vijana, hizi zilikuwepo zamani kwenye Windows XP na wala hazikuhitaji brauza. Unawasha tu, inakuja boksi ya kijivu imeandikwa Messenger Service, inauza vitu.

Mwandishi: Shikamoo mzee wangu. Ni kweli kabisa. Ile Windows ilikuwa na huduma inaitwa Messenger, haihusiani na ile ya kuchati, ilikusudiwa wasimamizi wa mitandao ya maofisini watangaze vitu kama "seva itazimwa saa kumi", unatuma kwa amri ya net send. Kompyuta za nyumbani zikaunganishwa intaneti huduma ikiwa wazi, watu wa matangazo wakapita humo humo. Microsoft waliizima kwenye Service Pack 2 ya XP mwaka 2004, na Windows Vista ilipokuja ikaondolewa kabisa. Ukiangalia ni mchezo ule ule, njia halali ya kupitisha ujumbe inatekwa na watu wa matangazo.

mzee_wa_disketi: Marahaba. Umenikumbusha mbali, tulikuwa tunaandika net stop messenger kila asubuhi.

nyota_ya_saba: Samahani mimi nimechelewa kuona hili somo. Mama aliipiga ile namba, wakamwekea programu wakawa wanaiendesha kompyuta wao, wakafungua na akaunti ya benki wakaangalia. Pesa hawajachukua bado. Tufanyeje?

Mwandishi: Pole sana kwako na kwa mama, na msimlaumu, hawa watu ndio kazi yao. Fanyeni sasa hivi, haya mengine baadaye. Moja, ikate intaneti hiyo kompyuta, zima waifai au chomoa waya. Mbili, pigeni benki kwa namba iliyo nyuma ya kadi, sio namba mliyoipata kwenye meseji, waambieni mtu ameingia mfungiwe akaunti. Tatu, kwa kifaa KINGINE badilisheni pasiwedi ya imeili kwanza ndio ya benki, maana mwenye imeili anaweza kubadili zote. Hiyo kompyuta msiitumie kwa benki mpaka isafishwe, na kwa kesi kama hii hata mimi naunga mkono kufomati, baada ya kukopi mafaili. Akipigiwa tena wakisema wanamrudishia pesa akate simu. Nirudishie jibu mmefikia wapi.

nyota_ya_saba: Benki wameshafunga. Mungu akubariki.

chaji_asilimia2: Mimi saiti iliniambia kuthibitisha sio roboti nibonyeze Windows+R, halafu Ctrl+V, halafu Enter. Nimefanya, hamna kilichotokea. Ni sawa?

Mwandishi: Sio sawa hata kidogo. Ile saiti ilikuwa imeshakuwekea amri kwenye klipubodi (pale kinapokaa ulichokikopi kabla ya kupaste) bila wewe kuona, ulipopaste ukapiga Enter umeiendesha kwa mkono wako, na kutoonekana kitu ndivyo wanavyotaka. Kata intaneti, fanya skani ya offline, badilisha pasiwedi zako kwa kifaa kingine, utoke kwenye akaunti zako kote ulikoingia. Wengine wote: hakuna saiti halali inayothibitisha mtu kwa Windows+R.

kibodi_mbovu: Mkuu nimefanya hatua ya 2 nimekuta saiti 14!! Nimeblock zote kimya kabisa sasa. Ila bado kuna moja inasema "maliza kuseti kifaa chako", haina anwani.

Mwandishi: Safi sana. Hiyo ni Windows yenyewe, sio saiti. Setingi, "System", "Notifications", shuka mpaka chini kabisa utaona viboksi vya mapendekezo na vidokezo, ondoa tiki. Hivi katika hizo 14 hukublock na kalenda yako?

kibodi_mbovu: Nimeblock

Mwandishi: Rudi uiruhusu, hiyo unaihitaji.