Somo: Kusikiliza SACD kwa kigeuzi cha nje

Somo hili ni la wenzetu wa Mbeya, Iringa na Njombe walionunua deki ya mtumba ya SACD (Super Audio CD) na kigeuzi kizuri cha sauti (DAC, kifaa cha kugeuza sauti ya kidijitali iende kwenye ampu), kumbe wanachosikia bado ni CD ya kawaida. Diski nyingi za SACD zina matabaka mawili: la CD, lenye 44.1 kHz, na la DSD, yaani sauti yenyewe ya SACD, ambalo ni biti 1 kwa 2.8224 MHz. Sony na Philips walipozitoa mwaka 1999 walizifungia zisinakiliwe. Ndiyo maana tundu la koaksia au la mwanga nyuma ya deki halitoi DSD. Ukichomeka hapo utapata CD, au kimya. Mlango ulio wazi ni HDMI.

Hatua ya 1. Tazama usoni mwa deki kama kuna nembo ya SACD. Deki nyingi za DVD za mtaani hazisomi.

Hatua ya 2. Tafuta kisanduku cha kuchopoa sauti kwenye HDMI. Hapa ndipo hela za watu zinapotea. Vingi hushusha sauti ya SACD hadi 48 kHz kabla ya kuitoa, na maandishi ya kwenye boksi hayasemi. Kama unanunua dukani Mwanjelwa, Mbeya, nenda na deki, diski na kigeuzi chako, uwashe palepale kabla ya kulipa. Muuzaji akikataa, ondoka.

Hatua ya 3. Unganisha: deki, HDMI, kisanduku, koaksia, kigeuzi, ampu. Kwenye menyu ya deki chagua tabaka la SACD, stereo, kisha zima DSD ili itoke PCM, yaani sauti ya kidijitali ya biti nyingi kama ile ya CD. Wapo wanaosema kufanya hivyo ni kuua diski. Sikubaliani nao hata kidogo: PCM ya biti 24 kwa 88.2 au 176.4 kHz ina nafasi ya kutosha kwa chochote sikio linachoweza kusikia.

Hatua ya 4. Soma namba kwenye kigeuzi. 44.1 ni tabaka la CD, rudi kwenye menyu. 48, kisanduku kinakuangusha. 88.2 au 176.4, kaa usikilize. Usiamini masikio kabla ya namba.

Na msimu huu wa radi, chomoa plagi zote pamoja na waya wa antena. Kuzima kwa rimoti hakutoshi.

MASWALI

Mwanachama, Makambako: Kaka, kwenye laptop diski inafunguka. Si nichomeke tu kigeuzi kwa USB?
Jibu: Inayofunguka ni CD, ndugu yangu. Kisomaji cha laptop hakilioni tabaka la DSD.

Mwanachama, Tukuyu: Shikamoo mwalimu. Deki inatoa 176.4, ila kebo ya mwanga kutoka kwenye kisanduku inakatakata sauti.
Jibu: Marahaba. Matundu mengi ya mwanga yanaishia 96 kHz. Shusha deki hadi 88.2, au tumia koaksia.

Mwanachama, Mafinga: Asubuhi deki inagoma kusoma diski, mchana inasoma vizuri. Lenzi imekufa?
Jibu: Dada, usiibadilishe bado. Kwa baridi ya huko, chumba kikipata joto ghafla lenzi hushika umande. Iwashe bila diski kwa saa moja hivi, ndipo ujaribu. Ikigoma na mchana, mwite fundi.

Mwanachama, Makambako: Na runinga lazima iwepo?
Jibu: Kwa kuseti menyu, ndiyo. Baadaye visanduku vingine hukubali bila runinga, vingine hukaa kimya. Kijaribu hivyo pia ukiwa dukani.