Somo: kumpiga picha chozi nyuma ya nyumba, Bukavu

Kale kandege keusi kenye mkia mrefu, kanakonyonya ua la mgomba nyuma ya jikoni, kana kijani, dhahabu na shaba kichwani. Ni chozi dume. Ndani ya manyoya yake mna tabaka nyembamba sana zinazorudisha mwanga, na rangi hizo huzioni mpaka jua limpige yeye huku wewe umelipa jua mgongo. Ukikosea upande wa kukaa, hata kamera ya bei kubwa itakupa ndege wa makaa.

Hatua ya kwanza: tafuta ua kabla ya kumtafuta ndege. Asubuhi mbili za mwanzo kaa na chai yako, kamera ibaki ndani. Chozi dume analinda maua yake na kuwafukuza wenzake, kwa hiyo atarudi palepale. Angalia ua la mgomba, na yale majani marefu yenye maua ya rangi ya chungwa yaliyojipanga kama mipira kwenye shina. Kisha angalia kijiti anachokalia akiimba. Hicho kijiti ndicho picha yako.

Hatua ya pili: jua. Hapa ndipo nilipopoteza mwezi mzima. Kwetu mtaani Nguba jua linatoka upande wa Rwanda, nami nilikuwa nakaa barazani nikilitazama. Picha zote zikatoka nyeusi. Siku niliyohamisha kigoda hadi kwenye ukuta wa mashariki, nikaupa mgongo mto Rusizi ulio mpakani, kichwa kile kiliwaka kijani mpaka nikasahau kubonyeza. Saa moja hadi saa tatu asubuhi ndiyo saa zake. Mchana jua likiwa utosini, mpumzishe.

Hatua ya tatu: kamera. Lenzi ya milimita 300 inatosha ukiwa mita tano. Spidi 1/1000 ya sekunde, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 800. Punguza mwanga hatua moja, maana kamera ikiona ndege mweusi inadhani kuna giza, inaongeza mwanga na kuunguza ile dhahabu. Usimfuate hewani. Lenga kijiti, subiri, akitua hamia kwenye jicho.

Jambo moja la mjini: lenzi ndefu isielekee dirisha la jirani wala barabara yenye askari. Mwambie jirani mapema unachofanya.

Maswali ya wanachama

Mwanachama, Goma: Yaya, sisi huku tunakaitaga kolibri. Ni kale kale?

Jibu: Ndiyo, ni huyohuyo mnayemwita hivyo, ila kolibri wa kweli wako Amerika tu. Kolibri ananyonya akiwa anaelea hewani. Chozi mara nyingi hutua kwanza. Hiyo ni bahati yetu sisi wapiga picha.

Mwanachama, Bukavu: Sina kamera, nina simu tu.

Jibu: Kaa karibu na ua kabla hajafika, simu uiweke juu ya kitu kisichotikisika, uchukue video. Usivute picha kwa vidole, inaharibika. Ukiwa na darubini, weka jicho la simu kwenye kioo chake. Inahitaji mazoezi, lakini inawezekana.

Mwanachama, Lubumbashi: Kuna mmoja anapigana na kioo cha gari kila asubuhi. Ni mgonjwa?

Jibu: Hapana, ndugu. Anaona dume mwingine ndani ya kioo. Kifunike kwa kitambaa, la sivyo atachoka bure na kujiumiza. Kwa picha, ninyi wa Lubumbashi mna nafuu mwezi wa sita: jua la saa sita linaegemea kaskazini, kwa hiyo mnaweza kuendelea muda mrefu kuliko sisi.

Mwanachama, Bukavu: Nikiweka maji ya sukari atakuja haraka?

Jibu: Anaweza kuja, lakini maji hayo yanachacha upesi juani. Panda maua.

Mwanachama, Bukavu: Mimi naona tu ka manjano kenye mistari kifuani, mkia mfupi.

Jibu: Mama, huyo ni jike, na ndiye anayejenga kiota, kama mfuko mdogo unaoning'inia, akiufunga kwa utando wa buibui. Ukimwona amebeba utando mdomoni, rudi nyuma hatua nyingi na usikate tawi lolote ili kumwona vizuri. Picha yake haitaki jua kali. Asubuhi ya mawingu inamfaa zaidi.