Jinsi ya Kujaza Upya Maganda ya Risasi za Kale za Uwindaji: Mfano wa .375 Holland & Holland

Neno risasi katika Kiswahili limebeba maana tatu kwa pamoja: ni ile metali laini ya kijivu, ni kile kipande kinachotoka mtutuni, na tena ni kitu kizima kinachoingizwa katika bunduki. Katika mazungumzo ya kawaida hakuna anayepotea, lakini mtu anayekusudia kujaza maganda kwa mikono yake mwenyewe ni lazima avitenganishe vitu hivi tangu mwanzo. Hapa nitaita risasi kile kitu kizima. Ganda ni kile kikopo cha shaba ya manjano. Fataki ni kile kikombe kidogo kilichoko kitakoni ambacho hugongwa na pini. Baruti ni baruti. Na kichwa ndicho kinachoruka kumfuata mnyama. Kujaza upya ni kulitia ganda lililokwisha kufyatuliwa fataki, baruti na kichwa vingine.

Jambo la pili la kutanguliza ni sheria. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori mwaka 1977. Tanzania uwindaji unaruhusiwa kwa leseni, lakini silaha na risasi zinasimamiwa na sheria ya mwaka 2015, na kutengeneza risasi bila idhini ni kosa. Mimi nilijifunza kazi hii nikiwa Marekani, ambako wawindaji wengi huifanya nyumbani kihalali, na Afrika Kusini pia mwenye leseni ya bunduki anaweza kuifanya. Msomaji aliye mahali ambapo hairuhusiwi asijaribu hata mara moja. Asome tu ili aielewe vizuri zaidi risasi anayoinunua katika duka lenye leseni.

Kwa nini risasi za zamani

Risasi ya .375 Holland & Holland ilitoka London mwaka 1912. Miaka saba kabla yake, huko Berlin, Otto Bock alikuwa ametoa 9.3x62, iliyotoshea katika bunduki ya kawaida ya Mauser ya mwaka 1898, na hivyo ikawafaa walowezi na wawindaji wa makoloni ya Kijerumani, ikiwemo Tanzania Bara ya leo, ambao hawakuwa na fedha za kununua bunduki ya mitutu miwili ya Kiingereza. Kwa kweli 7x57 ya Mauser ni kongwe kuliko zote mbili, kwa kuwa ilianza mwaka 1892, nayo ndiyo iliyotumiwa sana na W. D. M. Bell, yule Mskoti aliyepata jina la Karamojo kutokana na safari zake za Karamoja, Uganda, ambaye aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa risasi hiyo ndogo. Sisemi hivyo ili mtu amwige, maana Bell aliijua miili ya tembo kama fundi cherehani anavyoijua nguo. Nasema hivyo kwa sababu kisa chake kinaonyesha kilichozipa risasi hizi uhai mrefu: kichwa kizito na kirefu kwa unene wake, chenye kasi ya wastani, ambacho hupenya moja kwa moja na hakivunjiki njiani.

Sababu ya pili iko katika umbo la ganda lenyewe, na hapa .375 inastahili kutazamwa kwa makini. Ukilishika ganda lake mkononi utaona kwamba ni jembamba kuelekea juu kama karoti, bega lake limeteremka polepole, na karibu na kitako lina mkanda uliotokeza. Waingereza walikuwa wakitumia baruti iitwayo kordaiti, iliyokuwa katika umbo la vijiti mfano wa tambi, na baruti hiyo ilikuwa na tabia ya kuongeza shinikizo pale hali ya hewa inapokuwa ya joto kali. Risasi iliyofanya kazi vizuri katika baridi ya Uingereza ingeweza kung'ang'ania chembani, yaani katika tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa, kwenye jua la Afrika au India, na ganda kung'ang'ania wakati nyati amegeuka kukutazama ni jambo linalogharimu maisha. Ganda lililochongoka hujitoa kwenye kuta za chemba mara tu linaposogezwa. Lakini kwa kuwa bega lilikuwa limeteremka mno kuweza kulizuia ganda mahali pake, uliwekwa ule mkanda ili ndio uamue ganda liishie wapi chembani. Mkanda huo ni muhimu sana kwa mwenye kujaza, na tutaurudia.

Risasi mpya zaidi hazikukwepa matatizo kwa sababu tu ya upya wake. Mwaka 1956 ilitoka .458 Winchester Magnum, ambayo ilikusudiwa kutoa nguvu za zile risasi kubwa za Kiingereza katika ganda fupi. Nafasi ilikuwa ndogo, baruti ikalazimika kushindiliwa, na baadhi ya risasi za miaka ile zilikuja kupungua kasi kwa sababu baruti iligandamana kama sukari iliyopigwa na unyevu. Ganda kubwa lenye shinikizo dogo lina uvumilivu. Kiwango cha juu cha shinikizo la .416 Rigby, risasi nyingine kubwa ya Kiingereza ya mwaka 1911, kwa vipimo vya Ulaya, ni baa (kipimo cha shinikizo) 3,250 tu, wakati .375 inakwenda hadi baa 4,300.

Na kujaza kwa mikono kunaingia wapi? Katika miaka ya 1960 kampuni ya Kynoch, iliyokuwa chanzo kikuu cha risasi kubwa za Kiingereza, iliacha kuzitengeneza. Bunduki nzuri mno zilibaki makabatini bila chakula, na katika miongo iliyofuata ni wale waliokuwa wakijaza wenyewe waliozifanya ziendelee kulia. .375 haikufikia hali hiyo kwa sababu viwanda vya Marekani vilikuwa vimeipokea tangu miaka ya 1920, na hadi leo ndiyo risasi ambayo mwindaji katika vitalu vya uwindaji vya Tanzania huitegemea kwa nyati kuliko nyingine yoyote.

Kulikagua ganda

Kazi yote huanzia kwenye ganda tupu, na hapa ndipo ninapomwomba anayeanza atumie muda mwingi kuliko anavyodhani unahitajika. Kusanya maganda ya kiwanda kimoja, yaliyofyatuliwa katika bunduki yako mwenyewe, kwa sababu ganda lililofyatuliwa katika bunduki ya mtu mwingine limechukua umbo la chemba yake. Lifute kwa kitambaa, kisha lizungushe mbele ya taa ukitafuta ufa shingoni, kitako kilichochubuka, au mstari unaong'aa unaolizunguka ganda juu kidogo ya mkanda.

Mstari huo ndio adui mkubwa wa risasi zenye mkanda. Kwa kuwa mkanda ndio unaolizuia ganda, viwanda huacha uwazi kidogo mbele ya bega, na unapofyatua kwa mara ya kwanza shaba husukumwa mbele kuujaza uwazi ule. Shaba hiyo haitoki hewani. Inanyofolewa kutoka ukutani, pale pale juu ya mkanda. Ukilirudisha bega nyuma kabisa kila unapojaza, kila mlio unanyofoa tena, hadi siku ganda linakatika vipande viwili ndani ya chemba.

Kuna njia ya kuugundua mnyofoko huu kabla haujaonekana kwa nje. Chukua waya mwembamba wa kubania karatasi, unyooshe, kisha ukunje ncha yake kiasi cha milimita 3 na uinoe kwenye tupa. Uingize ndani ya ganda hadi chini, uigemeze ncha ukutani, halafu uivute polepole kuelekea juu. Katika ganda zima waya huteleza bila kukwama. Katika ganda lililochoka, ncha huzama ghafla kwenye mfereji mdogo, na kidole kinauhisi kama vile ukucha unavyohisi ufa kwenye kikombe cha udongo. Ganda hilo halijazwi tena, hata kama kwa nje linang'aa kama jipya.

Kulirudisha ganda katika umbo lake

Ganda lililopona ukaguzi hupakwa mafuta maalumu kidogo sana kwa vidole, kisha huingizwa katika kalibu, yaani kifaa cha chuma chenye tundu la umbo la ganda, iliyofungwa kwenye mashine ya mkono, ambayo hulibana na papo hapo kuisukuma nje fataki iliyokwisha kazi. Mafuta yakiwa mengi bega linabonyea. Yakikosekana ganda linakwama kalibuni, na kulitoa ni kazi ya saa nzima.

Maelekezo yanayokuja na kalibu kwa kawaida hukuambia uishushe hadi iguse kishikilia ganda. Kwa .375 usiifuate kauli hiyo bila kufikiri. Anza kalibu ikiwa juu kidogo, bana ganda, lijaribu katika bunduki isiyo na chochote, shusha kalibu kidogo, jaribu tena, hadi bolti, kile chuma kinachoifunga chemba kwa nyuma, inapofunga bila kulazimishwa. Hapo bega limerudi kwa takriban milimita 0.05 tu na ganda linakaa kwa bega pamoja na mkanda. Kwa njia hii maganda yangu hudumu mara nyingi zaidi kuliko yalivyodumu nilipokuwa nikifuata karatasi ya kiwandani. Baada ya hapo pima urefu kwa kalipa, kifaa cha kupimia vipimo vidogo: ganda la .375 lisizidi milimita 72.39, na likizidi likatwe, kwa kuwa ganda refu hubanwa mdomo na chemba, na shinikizo hupanda bila onyo.

Fataki, baruti na kichwa

Katika mwongozo huu sitaandika kiasi chochote cha baruti, na ninamsihi msomaji asichukue kiasi kutoka kwa rafiki wala kutoka kwa mtu asiyemfahamu. Kiasi hutoka katika kitabu cha vipimo kinachotolewa na mtengenezaji wa baruti au wa vichwa, toleo la sasa, na kinahusu baruti ile ile, kichwa kile kile na fataki ile ile iliyotajwa. Kubadilisha aina ya fataki peke yake kunatosha kubadilisha shinikizo.

Fataki huingizwa hadi izame kidogo chini ya usawa wa kitako. Pitisha kidole juu yake. Ukihisi imetokeza, isukume tena kabla baruti haijaingia. Kisha weka mezani mkebe mmoja tu wa baruti, mwingine wowote ufungiwe kabatini, maana makosa mabaya kuliko yote hutokea pale mikebe miwili inapokaa pamoja na mtu akachoka. Anza na kiwango cha chini kilichoandikwa kitabuni, pima kila kipimo kwenye mizani, na maganda yote yakishajazwa yapange kwenye kibao na umulike tochi kutoka juu ukilinganisha kimo cha baruti. Ganda lililopungua au lililozidi linajionyesha lenyewe kati ya wenzake. Simu iwe mbali wakati huu, na akiingia mgeni, acha kazi, mimina nje baruti ya lile ganda ulilokuwa nalo, uanze upya atakapoondoka.

Kwa .375 kichwa cha greni 300, yaani gramu 19.4, ndicho kilichoijengea jina, na viwandani hutoka kwa kasi ya takriban mita 770 kwa sekunde. Kibonyeze kichwa hadi mfereji wake, ule uliochongwa kukizunguka, ulingane na mdomo wa ganda, urefu wa risasi nzima usizidi milimita 91.44, halafu ubane mdomo juu ya mfereji huo. Kubana si urembo. Bunduki hii inapiga bega kwa nguvu, na kila mlio unazigonga risasi zilizobaki ndani ya magazini. Kichwa ambacho hakikubanwa hurudi nyuma ndani ya ganda.

Kuzijaribu

Jaza risasi tatu za kila kiwango, ukipanda taratibu kama kitabu kinavyoelekeza, na uzifyatue kutoka kwenye kiwango cha chini kwenda juu, ukiwa na kifaa cha kupimia kasi. Bolti ikiwa ngumu kuinua, fataki ikilala bapa, au kitako kikipata alama inayong'aa, acha, na risasi zilizobaki za kiwango cha juu zitenganishwe vipande. Ishara hizi huchelewa kuonekana, kwa hiyo kasi inayozidi ile iliyoandikwa kitabuni ichukuliwe kuwa ishara ya kwanza. Fanya jaribio moja mchana wa jua, kwani baruti za leo zinavumilia joto kuliko kordaiti lakini si zote zinalingana, na risasi zilizosahauliwa juu ya dashibodi ya gari si zile ulizozipima asubuhi.

Kila boksi liandikwe tarehe, baruti na kiasi chake, kichwa, fataki, na idadi ya mara maganda yalivyojazwa. Kwa nyati, mimi hutumia maganda mapya au yaliyofyatuliwa mara moja tu, na risasi zile nitakazobeba huzipitisha zote chembani moja moja kabla ya safari, bunduki ikielekezwa kwenye tuta la udongo na kidole kikiwa mbali na kifyatulio. Maganda yaliyojazwa mara nyingi hubaki ya mazoezi. Yale ambayo waya umezama ndani yake huyabana mdomo kwa koleo pale pale mezani hadi yawe bapa, ili mtu mwingine akiyaokota asije akayadhania mazima.