Benchi la Nusu Duara Lenye Meza ya Bao: Hatua za Kulijenga Mwanza

Benchi lililonyooka huwapanga watu bega kwa bega, kila mmoja akitazama mbele yake, ilhali benchi lililojipinda huwakutanisha macho hata kabla hawajasalimiana. Ukiweka bao katikati ya mpindo huo, wageni wawili hupata sababu ya kukaa pamoja, na watazamaji hupata la kubishania.

Hatua ya kwanza ni mahali na kibali. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kwa hiyo tafuta eneo la wazi nje ya mpaka huo, lenye kivuli na njia ya waenda kwa miguu, kisha upeleke mchoro kwenye halmashauri husika, iwe ya Jiji la Mwanza au ya Manispaa ya Ilemela, kabla hujanunua saruji. Wengi hupenda kulielekeza benchi ziwani, nami nashauri vinginevyo. Maji huvuta macho ya wote, lakini uwazi wa nusu duara ukielekea njiani, mpita njia huona nyuso, husalimia, na mara nyingi husogea.

Hatua ya pili ni kuchora. Pigilia kigingi katikati, funga kamba ya mita 1.5, na uzungushe nusu duara. Huo ndio ukingo wa mbele wa kiti, wenye urefu wa karibu mita 4.7, unaotosha watu saba kwa sentimita 60 kila mmoja. Jenga kwa mawe ya granaiti ya vilima vyetu, kimo sentimita 45, upana wa kukalia sentimita 45.

Hatua ya tatu, ambayo haitaki haraka, ni meza. Kwanza waulize wachezaji wa mtaa huo wanachezaje, kwa kuwa bao la pwani lina shimo maalumu liitwalo nyumba kila upande, nao ndio watakaolitumia. Tengeneza kalibu ya sentimita 95 kwa 55, weka wavu wa nondo, mwaga zege la uwiano wa 1:2:4 (saruji, mchanga na kokoto) kwa unene wa sentimita 10, kisha bonyeza vibakuli 32 vilivyopakwa mafuta, katika mistari minne ya vinane, hadi kina cha sentimita 4. Katika kila shimo pitisha kijiti cha milimita 6 hadi chini ili maji ya mvua yatoke. Zege likianza kushika, toa vibakuli na vijiti. Lifunike kwa magunia na ulimwagilie kwa siku 7, hasa ukijenga kati ya Juni na Agosti, jua linapokausha upesi. Wachezaji wapewe viti viwili vya zege, vikitazamana kando ya meza.

Kupamba kiti ni kazi ya umma. Omba vigae vilivyovunjika kwa mafundi, saga kingo zote kali, na uwaalike wapita njia wabandike vipande wenyewe. Chagua rangi nyepesi, kwani nyeusi huunguza mchana.

Mwisho, kete 64 za komwe zikabidhiwe kwa mama lishe au muuza duka wa jirani aliyeridhia kuzitunza kwenye kopo. Zikipungua, vikokoto vya mviringo vitajazia.