Namna ya Kupata Wenzako katika Biashara Ndogo
Mwenye biashara ndogo hubeba maamuzi ambayo hawezi kuyajadili na mfanyakazi wala mteja wake, na kwa hiyo humfaa kutafuta wenzake watatu au wanne wenye biashara zinazolingana na yake kwa ukubwa, lakini wasiogombania wateja walewale. Anza na mmoja kwa swali mahususi, kwa mfano namna anavyomdai mteja aliyechelewesha malipo bila kumpoteza. Kutaneni kila baada ya wiki mbili, kila mmoja akieleza tatizo moja kwa dakika 10 huku wengine wakiuliza maswali kabla ya kushauri, sharti ambalo ni gumu kuliko linavyoonekana. Kubalianeni mapema kwamba habari za mauzo na madeni hazitoki nje ya kikao.