SOMO: Kuchagua risiva ya hom thieta, anza na spika zako

Wakuu, habari za Jumapili. Tangu nieleze hapa namna ya kupitisha nyaya za spika pembeni mwa ukuta, wengi wameniuliza jambo moja: ninunue risiva gani? Nimeona niandike somo zima badala ya kumjibu kila mtu kivyake.

Kwanza tuelewane maneno. Risiva ninayoizungumzia si ile ya dishi. Ni ampu yenye matundu ya HDMI inayopokea picha na sauti kutoka kwenye king'amuzi, deki au kompyuta, ikapeleka picha kwenye tivii na kuigawa sauti kwa spika tano au saba pamoja na sabufa. Na sabufa hapa ni lile boksi la besi peke yake, si seti nzima kama tulivyozoea kuita madukani.

Hatua ya 1: Geuza spika zako usome kibandiko cha nyuma

Hii ndiyo hatua watu wanayoiruka, na mimi niliiruka. Nilipohamia Nyakato, hapa Mwanza, nilikuwa na ile hom thieta ya boksi, inayokuja na deki yake na spika tano nyembamba. Deki ikafa. Nikapata risiva ya mtumba, safi kabisa, nikakata zile plagi za rangi za spika, nikamenya waya, nikafunga. Filamu ikaenda kama dakika ishirini. Ulipokuja mlipuko wa kwanza mkubwa, tik! Ikazima. Kwenye kioo neno PROTECT linawaka na kuzimika. Nawasha, tik. Wiki nzima nikawa namlaumu fundi aliyeniuzia, kumbe jibu lilikuwa mgongoni mwa spika: omu 3. Omu ni kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme kupita. Risiva yenyewe imeandikwa nyuma omu 6 hadi 16.

Omu ikiwa ndogo, spika inavuta umeme mwingi zaidi. Kwa volti zilezile, spika ya omu 3 inavuta mara mbili ya spika ya omu 6. Risiva ikizidiwa inajizima ili isiungue, na ukiilazimisha kila siku, ipo siku haitajizima, itaungua kweli. Kwa hiyo andika pembeni: spika zangu ni omu ngapi, na ni ngapi kwa idadi. Zikiwa omu 6 au 8, risiva nyingi zitakufaa. Zikiwa 3 au 4, weka akilini kununua spika pia, au tafuta risiva ambayo mtengenezaji ameandika mwenyewe kwamba inakubali omu 4.

Hatua ya 2: Angalia sebule

Kwa sebule ya mita 4 kwa 5, mfumo wa 5.1 unatosha: mbili mbele, moja katikati, mbili pembeni kwa nyuma kidogo, na sabufa. Usilipie saba kama kochi limeegemea ukuta wa nyuma. Hizo mbili za ziada utaziweka wapi? Vilevile zile spika zinazorusha sauti juu ili irudi chini zinahitaji dari bapa. Nyumba ikiwa bati na mbao tu, hela hiyo ihamishie kwenye spika ya katikati, maana maongezi karibu yote ya filamu hutokea hapo. Mvua ya Aprili ikigonga bati utaelewa ninachosema. Chagua risiva inayokuruhusu kupandisha sauti ya katikati peke yake.

Hatua ya 3: Wati

Ukiona PMPO, yaani wati za kutia chumvi za matangazo, pita. Tafuta RMS, wati ambazo inazitoa kweli mfululizo, kisha usome maneno madogo yanayofuata: zimepimwa chaneli (njia za spika) ngapi kwa pamoja? Risiva inayotoa wati 80 chaneli mbili zikipiga pamoja inaweza kuishinda iliyoandikwa 150 kwa chaneli moja tu. Na kuongeza wati mara mbili kunakupa desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio linaisikia kwa mbali. Usiuze kitu cha ndani kwa sababu ya wati.

Hatua ya 4: Umeme

Hapa ndipo mitumba inapoliza watu. Kabla ya kuuliza bei, igeuze risiva usome volti. Iliyotoka Uingereza imeandikwa 230V, na plagi yake ya miguu mitatu bapa ni hii hii yetu. Ya Marekani ni 120V, ya Japani ni 100V. Hizi mbili ukizichomeka moja kwa moja ukutani, moshi. Za Marekani zinatumia stepdauni, yaani transfoma ya kushusha volti. Chukua yenye uwezo unaozidi mara mbili wati zilizoandikwa nyuma ya risiva. Za Japani mimi sizinunui, kwa sababu stepdauni nyingi zinatoa 110 na si 100.

Iwe ya volti ngapi, weka kilinzi cha umeme kinachochelewesha kuwasha. Umeme ukikatika na kurudi, ule mrudi wa kwanza ndio unaoua vifaa. Radi ikianza kupiga upande wa ziwa, chomoa kabisa, pamoja na waya wa antena.

Hatua ya 5: Matundu

Hesabu vifaa vyako, ongeza tundu moja la HDMI. Kama unataka picha ya 4K ipitie kwenye risiva, iwe na HDCP 2.2 (kinga ya kuzuia kunakili picha), la sivyo tivii itabaki nyeusi. Hakikisha tundu la kwenda kwenye tivii lina neno ARC, yaani waya uleule unarudisha sauti ya tivii kwenye risiva. Lakini risiva ya zamani yenye tundu la optiko (waya wa sauti unaotumia mwanga) usiidharau: picha ipeleke moja kwa moja kwenye tivii, sauti ipitie optiko, na 5.1 utaipata.

Hatua ya 6: Ijaribu kabla ya kulipa

Nenda na spika yako moja. Ihamishe kwenye kila chaneli, sikiliza. Zungusha kitasa cha sauti taratibu. Ukisikia krrr, kuna vumbi au kitasa kimechoka. Iache ipige nusu saa, kisha unuse matundu ya juu. Uliza rimoti, uliza na ile maikrofoni ndogo ya kupimia chumba. Maikrofoni ya kampuni nyingine haitoi vipimo sahihi.

Hatua ya 7: Nyumbani

Juu ya risiva acha nafasi ya sentimita 10 au zaidi. Vitambaa vya kudarizi ni vizuri, navipenda, ila kwenye risiva hapana, vinaziba pumzi. Mnaokaa karibu na maji, Kirumba au Igombe, mnawajua wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama wingu. Wanafuata taa na wanaingia kwenye matundu. Nimefungua risiva nikakuta wamekauka juu ya sahani ya kupoozea, tabaka zima. Isafishe kwa brashi laini kila baada ya miezi michache, ikiwa imechomolewa.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Igoma: Mkuu, sabufa yangu ya boksi ina nyaya mbili tu, haina waya wa umeme. Nafunga wapi kwenye risiva?

Jibu: Hufungi, ndugu yangu. Risiva haina ampu ya sabufa, inatoa mawimbi tu kwenye jeki moja iliyoandikwa SUBWOOFER. Unahitaji sabufa yenye ampu yake ndani, au utafute ampu ndogo ya kuiendesha hiyo uliyonayo.

Mdau wa Capri Point: Kaka, nimefunga ARC, tivii inatoa sauti yake yenyewe, risiva kimya.

Jibu: Dada, vitu vitatu. Waya uwe kwenye matundu yenye neno ARC pande zote mbili. Kwenye tivii washa CEC (vifaa kuamrishana kupitia waya wa HDMI), kila kampuni inaipa jina lake. Kisha kwenye sauti badilisha kutoka spika za tivii kwenda ARC, na mahali palipoandikwa PCM weka Auto au Bitstream, vinginevyo utapata spika mbili tu.

Mdau wa Kirumba: Nataka ya baa, watu kama hamsini.

Jibu: Usinunue risiva. Kwa kazi ya usiku kucha chukua ampu ya ukumbi na spika zake.

Mdau wa Ukerewe: Shikamoo mwalimu. Huku natumia sola, betri moja ya 12V 100Ah. Itabeba?

Jibu: Marahaba. Risiva kwa sauti ya kawaida hula wati 50 hadi 70, tivii ya LED weka 60. Jumla 130. Betri yako ya risasi usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo una kama wati-saa 600. Hapo ni saa nne, filamu mbili. Inveta iwe ya wimbi safi. Zile za bei nafuu zitaifanya transfoma ya risiva ivume mmmm na kupata moto. Ukishaifunga, nitumie picha ya nyuma ya spika kabla hujawasha.