Taa ya bastola nyumbani: kuifunga na kuitumia

Kwa wenye bastola halali Marekani, taa kama Streamlight TLR-1 HL (lumeni 1,000, betri mbili za CR123A) inatosha chumba chochote cha nyumba.

Kabla ya kuifunga, toa magazini (kasha la risasi), vuta slaidi (sehemu ya juu inayosogea), kagua chemba (tundu inamokaa risasi) kwa macho na kwa kidole. Ndani ya boksi mna vipande vidogo vya kushikia reli (mifereji iliyo chini ya mtutu). Chagua kinacholingana na bastola yako, la sivyo taa itacheza. Kaza skrubu kwa sarafu, usitumie nguvu nyingi.

Swichi ibonyezwe kwa kidole gumba cha mkono usioshika triga. Tafadhali zingatia hili: wanaoiwasha kwa kidole cha triga wamewahi kufyatua risasi bila kukusudia.

Wala usipekue nyumba kwa taa hiyo. Inakomulika, mtutu nao unaelekea huko, na kwenye korido anaweza kuwa mwanao anayekwenda chooni. Shika tochi ya mkononi. Ikibidi kutumia ya bastola, mulika sakafuni; mwanga unaorudi huonyesha sura ya mtu.

Bastola yenye taa haitaingia kwenye ala (mfuko wake) ya zamani, nunua inayolingana na taa. Lenzi hushika masizi ya baruti, ifute kila baada ya mazoezi.